Siku 10,631

Katika Mji wa Kale wa Mombasa tarehe huandikwa mara mbili. Kalenda iliyotundikwa dukani ina namba kubwa za mwaka wa Kizungu, na kando yake, kwa maandishi madogo, namba za mwaka wa Hijra. Lakini hati za zamani za nyumba na mashamba, barua za mababu, na mawe ya makaburini aghalabu yana tarehe moja tu, nayo ni ile ya Hijra. Karani akiletewa hati ya namna hiyo, na mrithi akiwa amesimama mbele ya meza akingoja jibu, hana budi kujua jinsi miaka hii miwili inavyopishana. Si jambo gumu. Karibu yote yamo ndani ya namba moja, nayo ni 10,631.

Hiyo ndiyo idadi ya siku za miaka 30 ya Hijra, kama walivyoipanga wajuzi wa elimu ya falaki wa zamani. Mwezi, tangu mwandamo hata mwandamo, huchukua siku 29 na nusu na kitu kidogo juu yake. Kwa vipimo vya siku hizi wastani wake ni siku 29.530589. Miezi 12 basi ni siku 354 na sehemu ya siku ipatayo 0.367. Mwaka wa watu hauwezi kubeba sehemu ya siku, maana hakuna afungaye theluthi ya siku wala asherehekeaye robo ya Idi. Kwa hiyo wajuzi wakatafuta sehemu nyepesi iliyo karibu na hiyo 0.367. Wangaliweza kuchukua 3/8, yaani siku tatu za ziada katika kila miaka minane, lakini hesabu hiyo ingalipotea siku nzima kwa muda wa miaka 126 hivi. Sehemu ya 11/30 ni bora mno. Miaka 19 hupewa siku 354, na miaka 11 hupewa siku 355, na siku hiyo ya ziada hutiwa mwisho wa Mfunguo Tatu. Mara 30 kwa 354 ni 10,620; ongeza 11, jumla ni 10,631. Hesabu hii haipotei siku moja na mwezi wa angani mpaka ipite miaka kama 2,500, na kwa watu waliofanya kazi kwa macho na kalamu tu, hilo ni jambo la kustaajabisha.

Sasa itazamwe namba yenyewe. Ile 10,620, kabla ya kuongezwa siku 11, ni namba ya ukarimu. Yagawika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, kwa 6, kwa 9, kwa 10, kwa 12, na kwa nyingine nyingi. Zote pamoja ni namba 36 zinazoigawa bila ya kubakisha kitu. Lakini mara zinapotiwa zile siku 11, ukarimu wote hutoweka. Namba 10,631 haigawiki kwa namba yoyote ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba za aina hiyo shuleni huitwa namba tasa, nalo ni jina lililopata mahali pake, kwa kuwa hazizaliwi kwa kuzidisha namba nyingine mbili zilizo ndogo.

Msomaji asiyependa kuamini kwa kuambiwa aweza kulijaribu jambo hili mwenyewe kwa karatasi na penseli baada ya kazi. Hana haja ya kujaribu namba zote elfu kumi na kitu. Lau 10,631 ingalikuwa zao la namba mbili, mojawapo ingalikuwa ndogo, isiyozidi 103. Maana 103 mara 103 ni 10,609, na 104 mara 104 ni 10,816, ambayo imekwisha pita. Tena yatosha kujaribu namba tasa tu, kwa kuwa namba isiyogawika kwa 2 haitagawika kwa 4, na isiyogawika kwa 3 haitagawika kwa 9. Namba tasa kutoka 2 hadi 103 ni 27. Basi kazi nzima ni kugawanya mara 27. Kwa 7 itabaki 5. Kwa 11 itabaki 5 pia, na kwa 23 vilevile 5, kwa sababu jirani yake 10,626 hugawika kwa zote tatu. Kwa 13 itabaki 10, na mwisho kabisa, kwa 103, itabaki 22. Mara zote 27 kitabaki kitu.

Huenda mtu akauliza faida yake. Faida ya kwanza imo katika lile baki la 7, kwa kuwa juma lina siku saba. Miaka 30 ikiisha, majuma 1,518 yametimia na siku tano zimebaki juu. Kwa hiyo tarehe ile ile ya mwezi ule ule, baada ya miaka 30 ya Hijra, haiangukii siku ile ile ya juma, bali husogea mbele siku tano. Kenya ilipata Uhuru Alhamisi, tarehe 12 Desemba 1963. Kwa hesabu ya jedwali siku hiyo ilikuwa 25 Rajabu 1383. Miaka 30 baadaye 25 Rajabu 1413 ilikuwa Jumanne, tarehe 19 Januari 1993. Miaka 30 mingine, ilikuwa Jumapili. Kisha Ijumaa, kisha Jumatano, kisha Jumatatu, kisha Jumamosi, na hapo ndipo Alhamisi itakaporudi. Ni mizunguko saba, yaani miaka 210, au siku 74,417. Kabla ya hapo kalenda ya Hijra hairudii mwendo wake.

Mwaka wa Kizungu una tabia nyingine. Miaka yake 400 ina siku 146,097, na namba hiyo hugawika kwa 7 sawasawa: ni majuma 20,871 kamili. Basi baada ya miaka 400 kila kitu hurudi pale pale kilipokuwa, na kwa sababu hiyo siku za juma hazipati haki sawa. Katika miaka 400 tarehe 1 Januari huangukia Jumapili mara 58, lakini Jumatatu mara 56 tu, na itakuwa hivyo milele maadamu kalenda hii yatumika. Katika Hijra hakuna upendeleo huo. Kwa kuwa kila mzunguko wa miaka 30 husukuma tarehe siku tano, na mizunguko saba huzipitia siku zote saba, tarehe 1 Mfunguo Mosi katika miaka 210 huangukia kila siku ya juma mara 30, si zaidi wala si pungufu. Idi ya Ijumaa, yenye hotuba mbili katika mchana mmoja, ni mara 30. Idi ya Jumatatu ni mara 30. Namba iliyokataa kugawika ndiyo iliyoleta mgawo wa haki.

Jambo hili lina kazi mezani kwa karani. Waandishi wa hati wa zamani mara nyingi waliandika jina la siku pamoja na tarehe. Ichukuliwe mfano hati ya shamba iliyoandikwa Ijumaa, tarehe 25 Rajabu, na mchwa wamekula tarakimu moja ya mwaka, hata haijulikani kama ni 1263 au 1293. Mwaka 1263 ni 1847 ya Kizungu; 1293 ni 1876. Kati yake kuna umri wa mtu. Ikiwa hati ni ya 1847, aliyenunua ni babu, na warithi ni watoto wa wanawe wote na binti zake wote. Ikiwa ni ya 1876, aliyenunua ni baba, na wale wengine hawana fungu. Watu wa nyumba moja waweza kuacha kusalimiana kwa ajili ya tarakimu hiyo moja. Lakini jedwali lasema kwamba 25 Rajabu 1263 ilikuwa Ijumaa, na 25 Rajabu 1293 ilikuwa Jumatano. Mwandamo waweza kutofautiana na jedwali kwa siku moja, lakini kati ya Jumatano na Ijumaa kuna siku mbili. Mizani hulalia upande wa 1263. Lau 10,631 ingaligawika kwa 7, miaka yote miwili ingalitoa Ijumaa, na jina la siku lisingalimsaidia mtu. Bila shaka hakimu hataamua kesi kwa ushahidi huo peke yake. Atatazama mashahidi, mihuri na mwandiko. Hata hivyo ni ushahidi usiojua kusema uongo, wala kupendelea ndugu.

Ikumbukwe pia kwamba siku ya Hijra huanza magharibi, jua linapozama. Mkataba uliotiwa sahihi Alhamisi saa mbili za usiku umeandikwa usiku wa Ijumaa, kama wasemavyo wazee wa pwani, na tarehe yake ni ya Ijumaa. Karani aliyezoea kubadili tarehe saa sita za usiku atakosea hapo.

Kuhusu mwandamo wenyewe, Mombasa ina mambo yake. Mji wa Kale umeelekea mashariki, penye bandari ya majahazi, lakini mwezi mchanga huonekana magharibi, juu ya bara, jua likisha kuzama. Mwenye kuutafuta hulipa kisogo jahazi. Miezi ya masika mawingu huziba upande huo, na mwezi usipoonekana hukamilishwa siku 30. Kadhi Mkuu hupokea habari za walioona na kutangaza. Katika mji huo huo wamo Mabohora, ambao msikiti wao una mnara mrefu usiofichika kwa mtu aliye bandarini. Wao hawangoji kuona. Hufuata jedwali la miaka 30 lililorithiwa tangu zama za Makhalifa wa Kifatimi wa Misri, lenye siku zile zile 10,631. Hutofautiana kidogo na jedwali jingine lililo mashuhuri katika miaka ya kutia siku ya ziada: hilo jingine huitia mwaka wa 7, wa 18 na wa 26, nao huitia mwaka wa 8, wa 19 na wa 27. Kwa hiyo Bohora hujua leo Ramadhani ya miaka 50 ijayo itaanza siku gani, na kwa kawaida hutangulia kufunga siku moja au mbili kabla ya jirani zake. Mgeni apitaye mtaani huenda akashangaa kuona mlango mmoja umefunga na wa pili watu wanakunywa chai. Wala si kwamba mmoja hajui hesabu. Jedwali hufuata mwezi wa wastani, wenye kubadilishana siku 30 na 29 kama zamu ya askari. Na mwezi wa angani una haraka na uvivu wake, hata huweza kuleta miezi miwili au mitatu mfululizo yenye siku 30. Namba huwa sahihi kwa karne, na jicho huwa sahihi kwa usiku mmoja.

Palipo na fedha ndipo watu wanapozitazama siku hizi kwa makini zaidi. Siku 10,631 ni miaka 30 ya Hijra, lakini kwa mwaka wa Kizungu ni miaka 29 na siku 38 au 39. Mtu akipangisha nyumba Kibokoni kwa Sh. 10,000 kwa mwezi, na mkataba ukasema mwezi mwandamo, katika muda huo atapokea kodi 360. Mkataba ukisema mwezi wa Kizungu, zitatimia kodi 349 na siku chache. Tofauti ni zaidi ya Sh. 100,000, na nyumba ni ile ile, mpangaji ni yule yule, na mvua zilizovuja darini ni zile zile. Mkataba usiotaja ni mwezi gani ni ugomvi uliowekwa akiba.

Lipo jambo kubwa zaidi la namna hiyo katika historia ya Mombasa. Tarehe 14 Desemba 1895 Waingereza waliafikiana na Sultani wa Unguja kuutawala Mwambao kwa niaba yake, na malipo ya kila mwaka yakawa pauni 11,000 za kodi, na juu yake pauni 6,000, ambazo ni riba ya asilimia 3 ya pauni 200,000. Jumla pauni 17,000. Mamlaka ya Sultani yakakoma tarehe 12 Desemba 1963. Kwa mwaka wa Kizungu huo ni muda wa miaka 68 kasoro siku mbili. Lakini tarehe ya mapatano, kwa jedwali, ilikuwa 26 Mfunguo Tisa 1313, na ya kukoma 25 Rajabu 1383: miaka 70 na siku 28. Lau malipo yangalihesabiwa kwa mwaka wa Sultani mwenyewe, kwa kiwango hicho hicho kilichoandikwa, hazina ya Unguja ingalistahili miaka miwili zaidi, nayo ni pauni 34,000. Hata Vita vya Ngome ya Yesu vina hesabu mbili. Waomani waliizingira tangu 13 Machi 1696 hata wakaiteka 13 Desemba 1698, siku 1,005. Kwa Wareno waliokuwa ndani, wakifa kwa njaa na maradhi, ilikuwa miezi 33. Kwa waliokuwa nje, wakihesabu miandamo, ilikuwa 34.

Zaka nayo hufuata mwezi. Mwenye mali iliyofikia nisabu, mfano Sh. 2,000,000 zilizokaa bila ya kupungua, hutoa Sh. 50,000 kila mwaka. Karani anayelipwa mshahara kwa mwezi wa Kizungu huona wepesi kutoa zaka yake kila Januari, na nia yake ni njema. Lakini katika siku 10,631 atakuwa ametoa mara 29, na wajibu ni mara 30; Sh. 50,000 za maskini zimebaki mfukoni mwake naye hana habari. Ndiyo sababu wanazuoni wengi wa siku hizi humwambia afuataye mwaka wa jua atoe asilimia 2.577 hivi badala ya 2.5, ili ziada ya siku 11 iingie ndani yake. Vilevile eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, huhesabiwa kwa miandamo. Ni siku kama 128, na anayehesabu kwa kalenda ya ukutani humfungia mwanamke siku nne zaidi.

Mkulima hana kazi kubwa na mwaka huu, kwa sababu husafiri katika majira. Ramadhani iliyoangukia kiangazi huja ikaangukia masika, na huzunguka mwaka mzima wa jua kwa muda wa miaka 33 hivi. Kwa ajili ya kupanda na kusafiri baharini watu wa pwani walitumia mwaka mwingine, wa Nairuzi, wenye siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi: miongo 36, na siku tano juu yake. Nao ulikuwa na kasoro yake ya robo siku kila mwaka, lakini mzee aliyesema kwamba mvua za mwaka zitaanza mwongo fulani hakupotea sana maishani mwake.

Karani atakaye kugeuza mwaka wa Hijra upesi, bila ya jedwali, afanye hivi: atoe tatu katika kila mia, kisha aongeze 622. Mwaka 1313, ukitoa 39, ni 1274. Ongeza 622, ni 1896. Jibu huweza kukosea mwaka mmoja, kama lilivyokosea hapa, kwa kuwa mwaka 1313 ulianza katikati ya 1895 na kuingia 1896. Kwa barua ya kawaida hiyo yatosha. Kwa hati ya ardhi haitoshi, na hapo hana budi kufungua jedwali na kutafuta siku yenyewe.

Jedwali hilo sasa limo katika mzunguko wake wa 49. Miaka 1,440 ni mizunguko 48 kamili, na mwaka 1441 ulianza, kwa hesabu, Jumapili tarehe 1 Septemba 2019. Mwaka wa mwisho ulioanza mahali pale pale katika mwendo wa miaka 210, Jumapili vilevile, ulikuwa 1231, tarehe 3 Desemba 1815, siku ambazo Mazrui walikuwa wakiitawala Mombasa kutoka Ngomeni. Zikitimia siku 10,631 tangu ile Jumapili ya 2019, mwaka 1471 utaingia Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 2048. Au Alhamisi, au Jumamosi, kwa kadiri mwezi utakavyoonekana juu ya bara jioni hiyo.